Ghaniya na Jini wa Bonde la Tangawizi

Imepokewa kutoka kwa watu wa zama zilizopita, nao waliipokea kwa waliowatangulia, kwamba katika mji wa Samhari, mji wenye mabirika ya marumaru na masoko yaliyoezekwa kwa mbao za msandali, alitawala sultani mwadilifu, jina lake Sultani Ghiyathi bin Mudhari, na Mola alikuwa amemjaalia jeshi na hazina na raia watiifu, lakini hakuwa amemjaalia mtoto. Akakaa na mkewe, Malkia Durriya, miaka mingi kwa mapenzi na subira, hata nywele zao zikaanza kuingia mvi, ndipo Malkia akashika mimba, na ngoma zikapigwa mji mzima, na wafungwa wakafunguliwa, na sadaka zikatolewa mpaka maskini wakakosa pa kuziweka.

Furaha ile haikudumu. Malkia alipatwa na kichefuchefu kisichomwacha asubuhi wala jioni, na kila alichokula alikitapika, na kila alichokunywa kilirudi, na harufu ya mchuzi kutoka jikoni ilitosha kumtia kizunguzungu, akakonda akabaki macho na mifupa, hata pete zikawa zinamtoka vidoleni zenyewe.

Aliyekuwa akimwuguza ni tabibu wa kike aitwaye Ghaniya, binti wa Hakimu Tahiri. Babaye alikuwa tabibu wa jumba lile hata kufa kwake, na Ghaniya alirithi kwake elimu na sanduku la dawa, na wanawake wa Samhari, wakubwa kwa wadogo, walimwamini kwa miili yao na kwa watoto wao. Naye aliijua dawa ya maradhi yale: ni tangawizi. Zamani mzizi ule ulijaa sokoni kama kokoto, watu wakiutia katika kahawa na katika nyama, na wenye mafua wakiuchemsha, na waliovimbiwa wakiutafuna na chumvi, wala hakuna aliyeuthamini. Lakini tangawizi yote ya Samhari ilitoka Bonde la Harara, ng'ambo ya milima, na njia ya bonde ilikuwa imefungwa na jini aitwaye Shuwadhi. Misafara iliyokwenda haikurudi. Sultani akamtuma nduguye mdogo, Amiri Shahabu, kijana shujaa mwenye sura njema na maneno machache, pamoja na wapanda farasi wake, nao pia hawakurudi.

Basi Ghaniya akalipekua sanduku la babaye mpaka chini kabisa, akapata kipande kimoja cha tangawizi kavu, kikubwa kama kidole gumba. Akakikwangua kidogo, akakitia katika maji ya moto, akamnywesha Malkia kijiko kwa kijiko, akimpumzisha baina ya kijiko na kijiko. Tumbo la Malkia likatulia. Hata jua lilipopanda akaomba uji wa mchele, akanywa, na uji ukakaa, na Sultani aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia akageuza uso wake ukutani akalia.

Ghaniya hakulia, kwa kuwa alikuwa akikitazama kile kipande kilichosalia, akajua kwamba kitakwisha kabla ya juma kwisha, na kikiisha, Malkia naye hatakuwa na siku nyingi. Akaenda mbele ya Sultani, akainama, akaomba ruhusa ya kwenda Bonde la Harara yeye mwenyewe. Sultani akakataa, akasema kwamba mlima ule umekwisha kula nduguye na mashujaa wake, naye hatautupia na tabibu wa mkewe. Ndipo sauti ya Malkia ikatoka kitandani, dhaifu lakini haikutetemeka.

"Bwana wangu, mwache aende. Akikaa hapa atanitazama nikifa, na hiyo si kazi aliyofundishwa na babaye."

Kisha akamwita Ghaniya karibu, akamwamuru akivunje kile kipande cha tangawizi nusu kwa nusu, achukue nusu yake.

"Bibi yangu, hii ni roho yako," Ghaniya akamwambia. "Siwezi kuichukua."

"Huko uendako kuna baridi, mwanangu, na mimi nipo ndani ya mablanketi. Chukua. Tukipona, tutapona sote."

Ghaniya akaubusu mkono wake, akajitanda joho la sufi, akapanda punda wake, akatoka kwa lango la kaskazini, na watu wakamsindikiza kwa dua hata akatoweka machoni pao.

Akasafiri mpaka akafika vilimani, na kadiri alivyopanda baridi ikazidi, hata majani yakawa meupe na maji ya vijito yakasimama kama kioo. Punda akagoma, akamfunga penye majani, akaenda kwa miguu. Meno yake yakagongana, na vidole vikafa ganzi, ndipo akamega kijipande cha ile tangawizi akakitia chini ya ulimi, na ukali wake ukampanda puani, na joto likashuka kifuani na tumboni, akapata nguvu ya kuuvuka mlango wa bonde.

Na pale akaona ajabu iliyomkata maini. Wapanda farasi wa Samhari walikuwa wamejipanga juu ya farasi wao, mikuki mikononi, na wote wameganda, wamefunikwa barafu kuanzia kilemba hadi kwato, na mbele yao alikuwapo Amiri Shahabu, ameinua upanga wake, na kope zake zimejaa umande mweupe, na nyuma yao misafara iliyopotea, nayo imeganda vilevile. Ghaniya alimjua tangu utotoni jumbani. Akamsogelea, akaweka sikio lake kifuani pake, akausikia moyo ukipiga polepole, kama mtu anayebisha hodi mbali sana. Akataka kukimbia, na miguu ikataka pia. Lakini moyo ule uliokuwa ukibisha ukamzuia.

Mara mlima ukakohoa. Mawe yakaporomoka, na upepo mweupe ukapita juu ya kichwa chake, na kunguru aliyekuwa akiruka akaanguka chini amekuwa jiwe. Ghaniya akainua macho akamwona Shuwadhi. Alikuwa amelala bondeni juu ya mashamba ya tangawizi kama kilima juu ya kilima, ngozi yake rangi ya majivu, na mabega yakitetemeka, na kila alipokohoa baridi ilimtoka kinywani. Ghaniya akamtazama kama alivyozoea kuwatazama watu wote, na hofu yake ikapungua, kwa sababu aliona macho mekundu na pumzi fupi, na mkono umeshika kifua.

Akamtolea salamu, akamwuliza anaumwa tangu lini.

Jini akashangaa, maana wote waliomjia kabla walimwuliza kwa nini asiuawe. Akamweleza kwamba yeye ni wa ukoo wa majini ya moto, na kwamba siku moja kwa majivuno alishindana na majini ya Mlima Kafu, akainywa chemchemi ya barafu mpaka akaikausha, na baridi ikamkaa kifuani, na moto wake ukazimika. Akasikia kuwa bonde hili lina mzizi wenye moto ndani yake, akaja akaulalia, naye alikuwa akiung'oa na kuutafuna pamoja na udongo wake, shamba kwa shamba, na haukumfaa kitu ila kumchoma koo na kumtia kiungulia.

"Dawa ni kipimo," Ghaniya akamwambia. "Anayekula ghala zima la dawa hajajitibu, amejiongezea ugonjwa. Nipe ruhusa nikutengenezee, nawe unipe ahadi."

"Nikipona, omba lolote," akasema Shuwadhi. "Nisipopona, utasimama hapo kando ya yule mwenye upanga, milele na milele."

Ghaniya akakubali. Akakuta katika kambi ya jeshi masufuria makubwa ya kupikia ng'ombe wazima, na mitungi ya asali, na magunia ya malimau. Akachimba tangawizi changa, akaiosha mpaka ikang'aa, akaimenya, akaitwanga juu ya mwamba hata mikono ikaota malengelenge, akawasha moto na kuyeyusha barafu, akaichemsha polepole mpaka harufu yake ikajaa bonde zima. Akakamulia malimau, akaepua, na mvuke mkali ulipopungua ndipo akatia asali. Jini akamshuku, akamtaka anywe kwanza, naye akanywa. Kisha akamnywesha Shuwadhi sufuria moja, akamtaka angoje. Jini akataka yote kwa mara moja, Ghaniya akakataa, akaketi juu ya kifuniko.

Basi akamnywesha kidogo kidogo, na jua likasogea, na majivu ya ngozi ya Shuwadhi yakaanza kuiva rangi ya shaba, na jasho likamtiririka likawa vijito, na mara akacheua mcheuo uliotikisa milima saba, na mawe yaliyoziba njia ya misafara yakaruka kama mbegu za ubuyu. Kisha akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu siku ile ya chemchemi, akaitoa, nayo ikatoka yenye joto kama kaskazi. Ikapita bondeni, na barafu ikadondoka kutoka kwenye mikuki na vilemba, na farasi wakalia, na watu wakapepesa macho wakaulizana wako wapi.

Amiri Shahabu akaupata uhai wake akiwa na upanga juu, na mbele yake adui amelala hana silaha. Akamkimbilia ampige. Ghaniya akasimama katikati, mikono yake imevimba, na sufuria tupu miguuni pake.

"Amiri, rudisha upanga. Huyu ni mgonjwa wangu."

Amiri akamtazama, akamtazama jini, akaurudisha upanga alani. Na Shuwadhi, ambaye tangu kuumbwa kwake hakuwahi kutetewa na binadamu, akainama mpaka paji la uso likagusa udongo, akamwuliza haja yake. Ghaniya akaomba bonde liwe wazi kwa watu wote, na misafara ipite salama, na yeye afikishwe Samhari kabla jua halijatua. Akajaza magunia ya tangawizi, na jini akamweka kwenye kiganja chake yeye na Amiri, na majeshi na misafara na farasi na punda kwenye kiganja cha pili, akaruka.

Malkia alikuwa ameufikia ukingo wa uhai, na wasomaji wa dua wameketi chumbani. Ghaniya akaingia na vumbi lake, akachemsha, akachuja, akamnywesha kijiko kwa kijiko kama mara ya kwanza. Tumbo likatulia. Kesho yake Malkia akala mkate, na keshokutwa samaki, na miezi ilipotimia akajifungua binti mwenye sauti iliyosikika mpaka bandarini, na Sultani akamwambia Ghaniya aombe nusu ya ufalme akitaka. Ghaniya akaomba nyumba ya kuwatibu maskini, na Sultani akaijenga kwa marumaru, akaikatia mali isiyokwisha. Amiri Shahabu, mtu wa maneno machache, akamwendea akasema kwamba kule ndani ya barafu alimsikia mtu akiweka sikio kifuani pake, na tangu hapo moyo wake haujui kumpigia mwingine. Ghaniya akamwambia kwamba kwa ugonjwa huo hana dawa, ila yeye mwenyewe akubali kuolewa naye. Wakaozwa, na katika karamu ya walima wageni walinyweshwa kahawa ya tangawizi, na Shuwadhi aliuwashia mji taa kwa pumzi yake kutoka mlimani.

Na tangu siku hizo watu wa Samhari hawakukosa tangawizi majumbani mwao. Wenye mafua huinywa kwa asali, mabaharia huitafuna bahari ikichafuka, wapishi huitwanga na vitunguu saumu ili nyama iwe laini, na wazee hujikandia magotini siku za mvua. Na wakiwausia watoto wao husema: usimtafutie adui upanga kabla hujamwuliza anaumwa wapi, na usiidharau dawa kwa kuwa imeota udongoni. Haya ndiyo yaliyowafika watu wale, wakala raha yao mpaka alipowafikia yule asiyekosa kufika, na sisi tuliobaki Mola atujaalie afya na watu wema wa kutuuguza.