Mafundo ya Njia Panda

Paukwa!

Pakawa!

Mlima!

Upande, ushuke!

Hapo zamani za kale, palikuwa na kijiji chini ya mlima wenye mawe na miiba. Wapo wasemao kwamba kilele chake kiligusa mbingu. Hilo sikuliona, silisemi. Lililo hakika ni kwamba ng'ambo ya mlima palikuwa na kijiji kingine, na kwamba kuuzunguka mlima kwa njia ya bondeni kulichukua siku nyingi, lakini kuukata kulichukua siku moja tu, kwa aliyeweza.

Katika kijiji cha huku aliishi mjane, jina lake Nanzia. Mwanawe wa pekee, Mbonea, alichunga mifugo ng'ambo. Alasiri moja akaja mjumbe kwa njia ya bondeni, miguu imevimba.

"Mama," akasema, "mwanao anashitakiwa kwamba alichoma ghala la wenyeji wake siku ya mwezi mwandamo. Kesho jua likizama, atafukuzwa nyikani."

Nanzia akajifunga kibwebwe. Kwa maana siku ile ya moto aliijua. Siku ile Mbonea alikuwa amekuja kwa mama yake, amelala mkekani, homa imemshika.

Akakimbia mpaka kwa Mzee Senkondo. Mzee huyu hakuwa na ng'ombe wengi wala sauti kubwa. Alikuwa na swali moja, na watu waliliogopa swali hilo kuliko fimbo.

"Nitaukata mlima kesho, babu."

"Kwa njia ipi, mjukuu wangu?"

"Watu wanasema ipo."

"Nani aliiona? Nani aliambiwa?"

Senkondo akamwita Kilave, mrina asali, aliyepanda mlima kuliko wengine wote. Kilave na Nanzia walikuwa hawaamkiani, kwa sababu mbuzi wa Nanzia alikula maboga ya Kilave, majani na yote.

"Njia naijua!" akasema Kilave. "Unapanda mpaka njia panda. Upande wa kulia kuna mafundo tele kama mchwa. Ndiyo njia kuu hiyo!"

Sikilizeni desturi yao. Msafiri akifika njia panda mlimani, akienda au akirudi, hupinda kitawi kibichi cha kichaka, akakifunga fundo, ncha ikielekea anakokwenda. Kitawi huendelea kukua na fundo lake, mwaka hata mwaka.

"Umeifuata hiyo ya kulia mpaka mwisho?" akauliza Senkondo.

"La. Mizinga yangu iko chini ya hapo."

"Basi nani aliona? Nani aliambiwa?"

"Babu nawe! Kina Semboja walipita huko, na watu wa nyumba ya mhunzi. Wote wako ng'ambo, vijiji vya mbali, wameneemeka, ndiyo maana hawarudi. Kijiji kizima kinajua!"

"Kijiji kizima kinasema. Ncha za mafundo zinaelekea wapi?"

Kilave akacheka. "Nani huangalia ncha?"

"Basi ujuzi wangu unakomea hapo," akasema Senkondo. "Nanzia, ukifika, tazama kabla ya kukanyaga. Ondokeni jogoo wa kwanza. Chukueni maji, kamba na viazi vya kuchoma. Kingine chochote ni mzigo. Kilave atakwenda nawe."

"Huyu?" akasema Nanzia.

"Huyo huyo. Na jambo la mwisho. Jua likipita utosini hamjafika mgongo wa mlima, mtarudi."

"Nirudi? Na mwanangu?"

"Mwanao akifukuzwa, utamfuata kwa njia ya bondeni. Wewe ukianguka korongoni, yeye atamfuata nani?"

Nanzia akamchukia mzee kwa maneno hayo. Lakini akaapa kuyashika.

Jogoo wa kwanza, wakaondoka. Wakapanda, wakapanda. Mawe yakateleza, poromo! Miiba ikashika nguo, kwaru! Njia ikaonekana, ikapotea, ikaonekana tena kama uzi katika kitambaa kilichochakaa. Kisha ukungu ukashuka. Zii! Jua halikuonekana tena, wala hawakujua limefika wapi.

Wakafika njia panda.

"Kulia, mama mbuzi," akasema Kilave. "Ona mafundo! Tunachelewa."

Kweli, mafundo yalikuwa tele. Upande wa kushoto yalikuwa machache, na njia yenyewe ilipanda wima kama ukuta. Nanzia akapiga magoti. Ukungu ulikuwa mzito, akayapapasa kwa vidole. La kwanza, ncha mbele. La pili, ncha mbele. La tatu, mbele. Mbele, mbele, yote mbele.

Akahamia kushoto. Mbele. Nyuma. Mbele. Nyuma.

"Kilave, wa kulia wote walikwenda. Nani alirudi?"

"Labda walirudi kwa njia ya bondeni."

"Labda. Lakini labda si jiwe, siwezi kuikanyaga."

"Na ukikosea, mwanao anafukuzwa!"

"Najua anafukuzwa! Unadhani nimesahau?"

Akafunga fundo lake, ncha kushoto, akapanda. Kilave akamfuata, akinung'unika. Vidole vikachubuka, magoti yakatoka damu. Kamba ikamshika Kilave alipoteleza, na tangu hapo hakunung'unika tena. Wakatokeza mgongoni. Ukungu ukapasuka, jua likawaka, na kivuli cha Nanzia kilikuwa kimejikunja chini ya nyayo zake.

"Limepita?" akauliza Kilave.

"Bado. Shuka!"

Walipofika ng'ambo, wazee walikuwa wamesimama tayari, na Mbonea amefungwa mikono. Nanzia akatoa ushahidi wake.

"Mama humtetea mwanawe hata akiwa mwovu," akasema mmoja wa wazee.

"Kweli. Msiniamini mimi. Mwulizeni huyu, ambaye hanipendi."

Kilave akajikohoza. "Simpendi. Mbuzi wake ni mharibifu. Lakini siku ile ya moto nilikwenda kugombana naye mlangoni, nikamwona kijana anatetemeka kwa homa. Nikarudi na asali ya dawa."

Wazee wakatazamana. Mbonea akafunguliwa.

Ndipo Nanzia akauliza, "Kina Semboja wako wapi? Na watu wa nyumba ya mhunzi?"

"Hao hatuwajui. Kwa njia ya mlimani zamani walifika wachache, nao walirudi kwenu. Ila kuna korongo chini ya jabali mliloliacha kulia. Mvua ikinyesha, mto hutuletea vibuyu na makubazi. Tulidhani mnavitupa."

Wakarudi kwa njia ya bondeni, watatu. Kilave ndiye aliyemweleza Senkondo habari za korongo. Mzee alizunguka nyumba kwa nyumba. Hakupamba neno. Alisema walichokiona, na wasichokiona akasema hawakukiona. Siku hiyo watu waliojisifia miaka mingi kwa ndugu zao walioneemeka walikaa matanga.

Kisha Kilave akapanda tena na wenye misiba, wakaifunga njia ya kulia kwa magogo. Yale mafundo hawakuyakata. Kila nyumba ilichagua moja, ikalipa jina.

Enyi wasikilizaji, kimya cha aliyekwenda si habari njema wala mbaya. Ni kimya tu. Usikijaze kwa unayoyatamani. Nami nimeshuka mlima, hadithi yangu imetua mzigo.