Mbegu Tuliyoisaga

Wapendwa, leo sina maneno mengi. Wiki imekuwa nzito, na mnaisikia hata sauti yangu ilivyo. Nitawapa mfano mmoja tu, wa jikoni, halafu twende zetu.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mwenye mji wake, na mwanawe alikuwa ameoa binti wa kule juu, nchi ya mawe. Binti yule hakuja na vitu vingi. Alikuja na nguo zake na mfuko wa mbegu ya mahindi ya kwao. Mama mkwe akampa shamba. Shamba gani? Mnajua wenyewe mkwe mgeni hupewa shamba gani! Akampa lile la kokoto tupu, ambalo hata mbuzi hulitazama wakapita. Yeye mama akapanda mbegu yake kando ya zizi, mahali ambapo ng'ombe wamelala miaka na miaka.

Wakavuna. Mahindi ya mama yalikuwa kama mkono wa mtu kuanzia kiwiko. Ya mkwe yalikuwa mafupi, ya kujaa kiganja, ila yalikuwa yamefunga punje mpaka nchani.

Sasa iko desturi, nanyi wa vijijini mnaijua. Mbegu ya mwaka ujao huchaguliwa na mama mwenye mji. Hukaa jikoni, akachukua hindi moja moja, akalipima mkononi. Linalompendeza huning'inizwa juu ya moshi wa jiko, wadudu wasiliguse. Lisilompendeza hutupwa kapuni, likasagwe.

Mama akaketi kuchagua, na majirani wawili wakiwa pale wamekuja kusaidia kupukuchua. Ya kwake yakapanda juu ya moshi. Ya mkwe yakaingia kapuni, moja baada ya jingine.

Binti akasema, "Mama, tuache hata machache ya mbegu. Haya yamezaa juu ya mawe. Hayo yako yalilala kwenye samadi."

"Wewe binti, mbegu huchaguliwa kwa macho, haichaguliwi kwa huruma," mama akamjibu. Kisha akawageukia majirani. "Watu wa kule juu kila kitu chao kifupi. Mahindi mafupi, watu wafupi, hata shukrani zao fupi!"

Majirani wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Sawa, mama. Nisage yote?"

"Yote. Tutakulaje mbegu nzuri na mbaya ipo?"

Binti akabeba kapu. Akaenda kusaga. Wakala ugali, na ulikuwa mtamu.

Mwaka uliofuata wakapanda mbegu ile ya mama kila mahali, chini na juu. Mvua ikaja vizuri, halafu ikakata, mahindi yakiwa bado hayajabeba. Juu kwenye kokoto hayakufika hata magotini. Chini kando ya zizi, mnajua samadi ikikosa mvua inavyofanya: iliyaunguza yakasimama kama mashina ya kuni. Mwanawe, mume wa yule binti, akaenda mbali kutafuta vibarua. Nyumbani wakabaki na mboga za porini na watoto wanaolia.

Siku moja mama mkwe akaja kwenye nyumba ya yule binti. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mwanangu," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo tangu aolewe. "Ile mbegu ya kwenu. Umebakiza hata konzi?"

"Tuliisaga, mama."

"Yote?"

"Uliniambia yote."

"Na kwenu? Si tunaweza kutuma mtu kwenu?"

"Kwetu walishaiacha, mama. Walipenda hii yenu ndefu. Mama yangu alinipa ile ya mwisho iliyokuwa darini."

Ndiyo hivyo, wapendwa. Mfano wangu hauna jirani anayekuja na mfuko. Natamani ungekuwa naye, lakini hauna.

Mama yule alikosea wapi? Alidhani ukubwa wa hindi lake umetoka kwenye mbegu, kumbe mwingi ulitoka zizini. Akadhani udogo wa lile jingine ni ubaya wa kuzaliwa, kumbe zile ni kokoto. Kitu ambacho mbegu ile ilirithi kwa mama zake ni kuzaa pasipo na kitu, na hicho huwezi kukipima kwa mkono mwaka wa neema.

Na yule binti, nampenda, lakini simwachi. Alijua. Si angeficha konzi moja tu kwenye pindo la kanga? Hakuficha, alikuwa amechoka kubishana. Uchovu nao husaga mbegu, ndugu zangu, na hapo najisema mimi kabla yenu.

Sisi je? Mtoto wa fulani akijibu vizuri mafundisho, tunasema kazaliwa na akili. Kazaliwa nazo tu, au pia anakunywa maziwa asubuhi? Mwingine anasinzia pale nyuma, tunasema ukoo ule ndivyo ulivyo. Nani kati yetu ameuliza analala wapi? Amekula nini? Na hii imani tunayojivunia, mimi na wewe tuliolelewa na wazazi waombaji, ni imani kweli, au ni samadi? Naogopa swali hilo. Mvua ikikata tutajulikana.

Mungu peke yake ndiye anayejua kipi ni cha mbegu na kipi ni cha udongo. Sisi tumepewa kapu mkononi, tukajifanya tunajua.

Yule unayemwita mbegu mbaya, ukirudi leo utamkuta nyumbani. Pengine ni mwanao, pengine ni mkweo. Nenda ukamtazame upya, maana yeye bado hajasagwa.