Kengele ya Majembe

Paukwa!
Pakawa!

Mnaitika kama mna njaa. Paukwa!
Pakawa!

Hii nilisimuliwa na shangazi yangu Sayi tukichambua kunde. Aliisimulia kwa hasira, na mimi hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Zamani hizo za kale, chuma kilipokuwa adimu, Mtemi Igulu alitaka kengele ya kusikika vilima vitatu. Chuma cha kutosha hakuna. Basi akatuma watu wakachukue majembe ya wanawake.

Wakafika kwa Nyanzobe, mjane mwenye watoto watatu. Mawingu yameshatanda, siku yoyote mvua ya kupandia inashuka.

"Mama, lete jembe."

"Wanangu watakula mlio wa kengele?"

"Mtemi kasema."

"Mtemi kasema, Mtemi kasema, Mtemi kasema. Yeye kalima lini?"

Wakamnyang'anya. Nyanzobe akawafuata hadi kwa Lugendo, mfua chuma.

"Lugendo, utalitia motoni jembe langu?"

"Nikikataa, dada, kitatundikwa kichwa changu."

Mbuzi aliyefungwa pale akasema, "Mivukuto hiyo ya kupulizia moto ni ngozi ya mama yangu. Hakuchinjwa aje apulizie upuuzi."

Lugendo akainama, akafua. Kengele ikatundikwa ikulu.

Mvua ikanyesha. Desturi yao, shamba la Mtemi hulimwa kwanza. Mtemi akagonga: ngo, ngo, ngo. Watu wakaja wote, wakakaa chini, mikono mitupu.

"Limeni."

Hakuna aliyeinuka.

"Limeni, nasema."

Wakamwonyesha viganja.

"Nimesema limeni."

Nyanzobe akasimama, macho mekundu. "Majembe yetu hayo yananing'inia juu yako, Mtemi. Yashushe ulime."

Walinzi hawakuinua mikuki. Wake zao walikuwa wamekaa palepale, matopeni.

Mtemi akamgeukia mfua chuma. "Lugendo, ivunje."

"Nitaivunja," Lugendo akasema, "ila wa kuvukuta ni wewe."

Mtemi akavukuta siku tatu, viganja malengelenge, moshi puani. Mbuzi kakaa pembeni anamwambia, "Polepole, huyo ni mama yangu."

Jembe la kwanza lilipotoka, Mtemi akanyoosha mkono. Nyanzobe akalichukua, akaenda zake kupanda. La mwisho kabisa ndilo alilopewa Mtemi, na shamba lake akalilima mwenyewe.

Yangu yameishia hapo. Haya, mkalale, na asiniulize mtu kama walimsamehe.