Waya wa Shomvi

Hii naomba ukishaisoma usikae nayo peke yako. Hadithi nyingi zinazunguka humu kwenye simu, lakini kama hii hujaletewa, na anayeijua vizuri kunishinda mimi hajazaliwa.

Kulikuwa na bendi kwenye mji mmoja wa reli. Ikipiga, kuku wa mji mzima hawatagi. Gitaa la besi alikuwa analipiga Mzee Mkude. Huyo mzee akigusa waya mmoja tu, maji yanacheza mtungini, na treni inapunguza mwendo.

Akaja kijana anaitwa Shomvi, anataka kufundishwa besi. Siku za mwanzo alijitahidi. Vidole vikaota malengelenge, yakapasuka, akafunga kitambaa akaendelea.

Halafu kiongozi wa bendi akamwambia, "Jumapili unasimama mbele. Mzee atakaa nyuma ya pazia akusikilize."

Jumapili mchana dansi likaanza. Shomvi akapiga, besi ikanguruma, watu wakamwaga jasho mpaka sakafu ikawa tope. Akinamama wakamtuza vitenge. Jumapili ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

Kuanzia hapo mazoezi ya asubuhi akayaacha. Mzee Mkude akawa anamfuata mpaka kwao, anakohoa njia nzima.

"Shomvi mwanangu, njoo tukae kidogo. Kidole chako bado kinalala kwenye waya."

"Mzee, makofi yote yale huyasikii?"

"Nayasikia. Wewe njoo tu."

"Pumzika, mzee wangu. Besi sasa ina wanaume."

Mzee akacheka, akafuta mdomo kwa leso, akaondoka. Kesho yake akaja tena. Shomvi akajifanya amelala.

Jumapili moja ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa madirishani. Katikati ya wimbo, besi ikakata. Dramu zinaenda, tarumbeta zinaenda, besi hakuna. Wachezaji wakasimama, wakamtazama Shomvi. Vidole vyake vinakimbia kwenye nyuzi, sauti haitoki.

Kiongozi akaruka, akavuta pazia.

Mzee Mkude amekaa kwenye kiti, kichwa kimeanguka kifuani, gitaa lake liko mapajani, limechomekwa kwenye spika. Ameshakufa. Mkono wa kushoto bado umekamata nyuzi.

Na waya wa gitaa la Shomvi, ule wa kwenda kwenye spika uliopita chini ya pazia, haukuchomekwa popote. Ncha yake ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa kiti cha mzee.

Shomvi akainama, akaishika ile ncha. Siku zote hizo, pale mbele tarumbeta zilikuwa zinamziba masikio, besi anaisikia tumboni tu, na tumbo likamdanganya kwamba ni yeye.

"Mbona hamkuniambia?"

Kiongozi akajibu, "Mzee ndiye aliyeomba. Alisema usimame pale woga ukutoke, asubuhi akufundishe. Alijijua hana muda. Alikuwa anakuita akwambie mwenyewe. Ulikwenda?"



Siku ya mazishi bendi ikaenda kumpigia mwenzao, maana mwanamuziki hazikwi kimya. Kiongozi akampa Shomvi gitaa la mzee, na safari hii waya akauchomeka kwenye spika mbele ya macho yake.

"Haya. Mpigie mwalimu wako."

Shomvi akabonyeza. Ukatoka mlio kama nzi ndani ya kopo. Akajaribu tena, ni ule ule. Mjane wa mzee akainua mkono, akasema taratibu, "Basi, mwanangu. Liweke chini."

Mzee Mkude, mtu aliyetikisa mji mzima, akazikwa kwa wimbo usio na besi.

Funzo: Ukiwa unajifunza, usipokee makofi kabla hujajua ni ya nani. Mwalimu akikuita, nenda akiwa hai, maana siku akiondoka unabaki na mikono yako mwenyewe.