Mabenchi Kwenye Mteremko

Mtu mmoja alikuwa na goti bovu, kikohozi cha asubuhi, na ndugu mmoja tu duniani. Aliitwa Elikana. Aliishi juu ya kilima, katika mji wa nyanda za juu ambako baridi ya katikati ya mwaka huleta ukungu usiotoka hadi adhuhuri. Mdogo wake, Zefania, fundi seremala, aliishi bondeni. Kati ya nyumba zao palikuwa na bustani ya mji, iliyoshuka mteremko mzima kutoka geti la juu hadi geti la chini. Mtu asiye na haraka aliimaliza kwa nusu saa.

Goti lilikuwa bovu kweli. Hilo lisemwe mapema. Liliuma siku za baridi na kulia likikunjwa. Lakini ni goti hilohilo lililompandisha Elikana juu ya bati kuziba tundu, na likamshusha salama. Alikuwa nalo kama watu wengi walivyo na magoti yao baada ya miaka sitini.

Ilianza siku moja Zefania alipomwita ashuke wakazungumze na majirani kuhusu mpaka wa shamba la marehemu mama yao. Asubuhi hiyo goti lilikuwa limeamka vibaya, na Elikana hakuwa na hamu ya kukaa juani akisikiliza watu wakibishana. Akatuma neno: "Mwambieni naumwa." Mpaka ukawekwa bila yeye, haki yake ikalindwa, na jioni akaletewa pole pamoja na kuku wa supu. Akala supu. Akaona jinsi neno moja dogo lilivyomfungulia mlango wa kupumzika, na tangu siku hiyo akawa anaufungua mara kwa mara. Alipoitwa harusini kwa binti wa Zefania, goti liliuma. Paa la Zefania lilipoezuliwa na upepo, kikohozi kilikuwa kimemkaba. Na shemeji yake Melania, mke wa Zefania, alipougua muda mrefu na hatimaye akafariki, Elikana hakushuka kumtazama wala hakushuka kumzika. Alituma goti.

Zefania hakunung'unika. Kila alipopata nafasi alipanda yeye, na Elikana akisikia sauti yake getini aliingia kitandani haraka, akavuta blanketi, akakohoa kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Zefania aliketi pembeni ya kitanda, akamkanda goti kwa mafuta ya mkaratusi, akamwuliza mambo mengi: linaanza kuuma baada ya hatua ngapi, linauma zaidi akipanda au akishuka, upepo unamsumbua kifua au mgongo. Elikana alijibu ovyo ovyo, kwa kuwa hakuna mtu anayekumbuka vizuri maumivu ya kuazima. Kisha, kwa karibu nusu mwaka, Zefania akaacha kuja. Elikana akajisemea kwamba mdogo wake amechoka naye. Neno hilo lilimchoma kwa muda wa siku mbili tatu, halafu likageuka kuwa nafuu.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, asubuhi moja, ukungu haukuja. Jua lilitoka mapema, likakaa juu ya mji likiwa safi, la moto wa kadiri, jua la kuwatoa hata paka kwenye majivu. Mijakaranda ya bustanini ilikuwa imegeuka manjano na kupukutisha vijani vyake vyembamba, na kutoka dirishani Elikana aliona njia yote imefunikwa kana kwamba mtu amemwaga pumba za mahindi. Alikohoa. Alijaribu goti, likalia. Lakini kukaa ndani siku kama ile kulimshinda. Akavaa sweta, akachukua fimbo, akajiambia ataota jua kidogo karibu na geti la juu kisha arudi. Kufika bondeni hakukuwa akilini mwake.

Alitembea taratibu, na mwili ukamshukuru. Hewa ilikuwa na harufu ya majani makavu na udongo uliopata joto. Watu wawili walimpa shikamoo, akaitika kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa kwa miezi. Alipofika kwenye kona ya kwanza goti likaanza kunong'ona, naye akainua macho akitafuta pa kuketi. Palikuwa na benchi. Lilikuwa jipya, la mbao iliyopigwa randa hadi ikalainika, tena lilikuwa refu kwenda juu kuliko mabenchi ya kawaida, kiasi kwamba aliketi bila kukunja goti sana. Akapumzika, akaendelea. Goti liliponong'ona tena, benchi lingine lilikuwa pale. Hilo lilikuwa limewekewa ubao nyuma, upande unakotoka upepo. Kifua chake kikatulia. Pale mteremko ulipozidi ukali, vidato vilikuwa vimechongwa, vifupi vifupi, na pembeni kulikuwa na fito ndefu za kushikilia, zilizofika kiunoni mwake sawasawa, kama zilizopimwa mwilini mwake.

Elikana alifurahi kama mtoto. Alisahau kurudi. Benchi la tatu, la nne, la tano. Akawaza kwamba hatimaye mji umepata viongozi wenye kuwakumbuka wazee, na akakusudia kulisema jambo hilo mahali.

Karibu na benchi la sita alimkuta mwanamke akifagia majani. Alikuwa Mama Lugano, mtunza bustani, aliyehamia mji ule mwaka uliopita na kwa hiyo hakumfahamu. Wakasalimiana. Elikana akagonga benchi kwa fimbo na kusema, "Manispaa wamefanya jambo la maana sana hapa."

Mama Lugano akacheka. "Manispaa gani, mzee? Hawa hata ufagio nimenunua mwenyewe. Haya mabenchi ni ya fundi mmoja wa huku bondeni. Alikuja kuomba ruhusa, akapewa. Amefanya peke yake."

"Kwa nini?"

"Ana kaka yake huko juu, mgonjwa sana. Hawezi kutembea hatua mia bila kupumzika. Basi yule fundi alikuja hapa akawa anatembea kama mgonjwa, anachechemea, anahesabu. Anafika mahali anasema, 'Hapa litaanza kumuuma,' anaweka alama. Mwanzoni nilidhani amerukwa na akili." Akaegemea ufagio wake. "Anasema kaka yake anatamani kushuka kumwona, ila mwili umemkatalia. Anasema ni vibaya mtu afe anatamani."

Elikana akaiondoa fimbo yake kwenye benchi. Yale maswali ya kitandani yalimrudia moja moja, hatua ngapi, kupanda au kushuka, kifua au mgongo, na majibu yake ya ovyo. Akatazama juu alikotoka. Kila jibu lake lilikuwa limesimama pale njiani, limepigiliwa misumari, limepigwa randa. Alikuwa amedanganya, na mtu amechukua uongo wake kwa mikono miwili akaujengea. Alitaka kuketi, lakini aliona haya kuligusa benchi.

"Yuko wapi huyo fundi?" aliuliza.

"Yuko pale getini chini, anamalizia. Lakini siku hizi anafanya kazi ameketi. Miguu imemvimba hivi," akaonyesha kwa mikono upana wa mtungi. "Nikimwambia aende hospitali anasema akimaliza. Mzee, mbona umebadilika? Keti basi."

Elikana angeweza kugeuka. Njia ya kupanda ilikuwa wazi, na kulikuwa na fito za kushikilia. Alisimama hapo kitambo, akifikiria jinsi ya kurudi nyumbani, kuingia kitandani, na kuugua kweli ili angalau jambo moja liwe la kweli. Kisha akashuka. Alishuka haraka kuliko alivyokuwa ameshuka kwa miaka, fimbo ikiburuzika nyuma yake kama kitu asichokijua.

Zefania alikuwa chini, juu ya kigoda, hatua chache kabla ya geti. Elikana hakumtambua mara moja. Uso ulikuwa umejaa kama uliotiwa maji, midomo ina rangi ya majivu, na miguu ilikuwa imetoka nje ya kandambili kwa pande zote. Alikuwa akipiga nyundo, anapumzika, anapiga tena, na kila pigo lilifuatwa na pumzi ndefu yenye mlio. Aliposikia hatua akainua kichwa. Akamwona kaka yake amesimama wima. Akatazama kazi iliyokuwa mbele yake, kidato kimoja kilichobaki, na uso wake wote ukaingiwa na aibu.

"Kaka," alisema, "umefika kabla sijamaliza. Nisamehe."

Elikana alikuwa ameandaliwa na maisha kwa mambo mengi. Angeweza kuvumilia matusi. Angeweza kuvumilia kufukuzwa. Kuombwa msamaha na mtu yule, katika hali ile, kulimfanya ashike fito kwa mikono miwili. Zefania alianza kujikongoja ainuke, akisema, "Pole na njia, limekuuma sana?" Na jibu la zamani likapanda lenyewe kooni mwa Elikana, limezoea njia yake. Lilifika hadi kwenye meno. Akalirudisha.

"Zefa, mdogo wangu, nisikilize. Goti hili halikuwahi kunizuia."

Zefania hakuelewa. Akatabasamu kama mtu anayesubiri maneno mengine.

"Ningeweza kuja. Siku zote ningeweza kuja. Sikutaka tu kusumbuka."

Nyundo ilibaki mkononi mwa Zefania. Aliangalia njia aliyoijenga, benchi la mwisho, fito, vidato, na ilionekana kama anavihesabu upya. Mama Lugano alikuwa ameshuka na ufagio wake, akasimama mbali, akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Hata siku ya Melania?" Zefania aliuliza.

"Hata siku ile."

"Alikuulizia mpaka mwisho," Zefania akasema polepole. "Nilimwambia asikulaumu. Nilimwambia wewe unaumwa kuliko yeye. Akawa anakuombea."

Hakumkaripia kaka yake, wala hakusema amemsamehe. Aliiweka nyundo chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, na alipotaka kuinuka miguu ikamkatalia. Ndipo Elikana alipoinama. Goti likalia, naye akaliacha lilie. Akamtia mdogo wake mkono kwapani, akamwinua, akamwambia kwamba hospitali iko juu na wanakwenda sasa hivi. Zefania alipinga kidogo, kisha akaegemea.

Walipanda njia ile wawili. Saa mbili ziliwapita humo. Kila Zefania alipoishiwa pumzi, benchi lilikuwa hapo, na ubao wa kuzuia upepo ulikuwa mgongoni mwake, na fito zilikuwa tayari kwa mkono wake. Hakukuwa na hata kimoja ambacho Zefania alikuwa amejipimia mwenyewe. Majani yaliwaangukia mabegani wote wawili, na jua liliendelea kuwa zuri, jambo ambalo Elikana aliliona kama kosa la dunia. Kila walipoketi alisubiri mdogo wake amtukane. Zefania aliketi akihema, macho mbele, na mara moja tu alizungumza, akisema benchi la tatu limekaa upande, angelirekebisha.

Hospitalini daktari alibonyeza mguu wa Zefania kwa kidole, shimo likabaki. Akasikiliza moyo kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Elikana na kumwuliza, bila hasira, kama mtu anayejaza fomu, "Na nyie ndugu zake mlikuwa wapi?" Elikana akafungua mdomo. Hapakuwa na ugonjwa hata mmoja wa kutaja.

Zefania aliishi, lakini si yule wa zamani. Moyo ulikuwa umechoka kiasi cha kutorudi katika hali yake, na randa hakuishika tena. Alihamia juu, kwenye nyumba ya kaka yake, na Elikana akampikia, akamwogesha, akamkanda miguu. Kidato kilichobaki alikimalizia Elikana mwenyewe, vibaya, akijigonga vidole. Kuhusu msamaha, hawakuwahi kuzungumza tena. Lakini mwaka mmoja baadaye, siku ya kumbukumbu ya Melania, Zefania alimwambia kaka yake avae koti, washuke pamoja makaburini. Na njiani, penye mteremko mkali, ni yeye aliyenyoosha mkono kwanza.

Nawe uliyetuma salamu za ugonjwa wako wiki hii: ni nani aliyeziamini, na sasa hivi anafanya nini kwa ajili yako?