Muhuri wa Diwani

Alikuwako, wala si zamani sana, bibi mmoja akiitwa Nyamizi, mwenye ulimi usiojua kupumzika. Pampu ya kisima cha kijiji chake ilikufa, wanawake wakawa wanachota maji bwawani pamoja na ng'ombe, na watoto wakaharisha. Nyamizi akamfuata diwani Malongo ofisini.

"Mwalimu katusomea katiba," alisema. "Inataka serikali iondoe maradhi."

Diwani akacheka. "Bibi, hiyo sehemu ni ya malengo. Inaonyesha mwelekeo tu. Hata mahakama haiwezi kunilazimisha."

"Kumbe. Basi niandikie hivyohivyo, wenzangu waache kunisumbua."

"Niandike nini?"

"Kwamba maji safi ni lengo tu, na hakuna wa kukulazimisha. Herufi kubwa, baba. Na muhuri, maana wale hawaamini kitu bila muhuri."

Diwani akaandika, akagonga muhuri, akafurahi kumwondoa kirahisi namna ile.

Kampeni zilipoanza, diwani alikuja kuomba kura. Kabla hajapanda jukwaani akamwona Nyamizi mstari wa mbele, barua mapajani. Akamwinamia sikioni.

"Bibi, hiyo utaisoma hapa?"

"Nisome mimi, na shule nimeiona kwa nje? Nimekuja na mwalimu."

"Nipe siku tatu."

Siku ya pili pampu ilitoa maji. Jioni yake diwani akabisha hodi kwa Nyamizi.

"Bibi, nimekuja kuchukua ile barua."

"Utaipata, baba," Nyamizi akamjibu, akimsogezea kigoda. "Kukurudishia ndilo lengo langu."