Kwa Nini Maji ya Moto Hupelekwa Nyumba ya Mtungi

Enzi za mababu zetu, wajukuu zangu, bonde hili la Heshui huko Uchina halikuwa na ngoma ya kutangaza saa. Watu walipima siku kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani. Kivuli kikifika kwenye jiwe, zamu ya kumwagilia mpunga ilihama kutoka shamba moja kwenda jingine.

Mwaka mmoja ukungu ulitanda, jua halikuonekana kabisa. Deng Boshan akasema zamu yake haijaisha. Jirani yake, Pu Heli, ambaye mpunga wake ulikuwa umeanza kukauka, akasema imeisha zamani. Wakainuliana majembe kwenye mfereji.

Mama Qiulan, mjane mfinyanzi, akaingia katikati yao amekumbatia mtungi. Alikuwa ameutoboa tundu dogo chini, akaujaza maji, yakaanza kudondoka tone baada ya tone.

"Maji yakiisha, zamu imeisha," akasema. "Mtungi huu haumjui Deng wala Pu. Wekeni majembe chini, wanangu."

Wakayaweka. Mpunga wa wote wawili ukapona.

Baada ya hapo hata soko na lango la mji vikafuata mtungi ule. Kila ulipokauka, Mama Qiulan alipiga ngoma, kisha akaujaza tena. Watu wakazoea kuisikia ngoma, wakamsahau mpigaji.

Majira ya baridi yakaja. Asubuhi moja ngoma ilichelewa, na Boshan akaenda nyumbani kwa mama kuuliza kulikoni. Alikuta mtungi umefunikwa blanketi zito la pamba ili maji yasigande, na mama mwenyewe anatetemeka sakafuni, midomo imekauka.

"Mama, blanketi lako!"

"Mimi nina pumzi ya kujipasha, mwanangu. Mtungi hauna."

Boshan akamfunika koti lake, akatoka mbio kumwita Heli. Wakarudi na makaa na birika la maji ya moto, na nyuma yao mji mzima. Heli akapiga magoti, akamnywesha kwa mikono yake.

"Wali tunaokula ni wako, mama," akamwambia. "Tusamehe kwa kuchelewa kushukuru."

Mama Qiulan akapona, akaishi miaka mingi.

Na kuanzia baridi ile hadi leo, barafu ya kwanza ikionekana, hakuna nyumba hapa Heshui inayokunywa chai kabla ya kupeleka birika la maji ya moto Nyumba ya Mtungi, ile iliyokuwa ya mama. Nusu humiminwa mtungini. Nusu hunywewa na mpiga ngoma.